Transfoma, adapta au betri: umeme gani uilishe priampu yako isivume

Kile kiboksi nilikiunda kwa mikono yangu na nilikuwa nakionea fahari. Priampu (kikuza sauti hafifu ya maiki kabla haijafika kwenye amplifaya) ya maiki nne kwa ajili ya kwaya: opampu NE5532, yaani chipu ya kukuza sauti, transfoma ya 15-0-15, regyuleta (kipuri kinachoshikilia volti zisibadilike) 7815 upande wa chanya na 7915 upande wa hasi, vyote ndani ya boksi la bati nililolipiga rangi nyeusi. Nilikijaribu mezani saa sita mchana. Nikafungulia sauti mpaka mwisho, nikatega sikio kwenye spika: kimya, isipokuwa ule mchirizo mwepesi wa shhh ambao priampu yoyote huwa nao. Nikakikabidhi.

Wiki haikuisha, simu ikaita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Hiki kiboksi chako kinaimba besi peke yake. Tena kinatungoja sisi tuanze mazoezi, saa moja na nusu, ndipo nacho kinaanza."

Kesho yake nikaenda mchana: kimya. Nikasingizia waya za maiki, nikaondoka. Usiku akapiga tena, safari hii hakusema neno, aliisogeza tu simu kwenye spika. Mmmmm. Nikapanda bodaboda na mita mfukoni. Saa mbili usiku, kwenye soketi ya ukumbi, mita ilisoma volti 184.

Hapo nikajua kosa ni la nani. Ni langu.

Mabishano mengi kuhusu pawa saplai za vyombo vya sauti huwa ya mikrovolti: regyuleta ipi ina kelele ndogo kuliko ipi. Kwetu swali la kwanza ni jingine: umeme wa ukutani unafanya nini saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi, feni na friji? Hapa nalinganisha njia tatu ambazo mtu anayejiundia priampu, mixa ndogo au amplifaya ya spika za sebuleni anaweza kuzichagua, nikizipima kwanza kwa swali hilo. Mikrovolti zitafuata, nazo hazitachukua muda.

Kwanza jua unavuma mvumo gani

Umeme wetu ni wa Hz 50. Briji ya dayodi huchukua nusu ya wimbi iliyo chini na kuigeuza juu, hivyo kapasita, ambayo ni kama tangi la umeme, hujazwa mara 100 kwa sekunde. Kwa hiyo mvumo wa Hz 100, wenye ukali kama nyuki ndani ya debe, unatoka kwenye kapasita na regyuleta, au kwenye waya zinazopitisha ile mikupuo ya kuijaza kapasita. Mvumo wa Hz 50, laini, unaousikia kifuani kuliko masikioni, unatoka kwenye sumaku ya transfoma au kwenye waya za arthi zilizofanya duara kati ya chombo kimoja na kingine.

Kama huna kipimo, tumia kinanda. Kwenye kinanda cha vitufe 61, G ya kwanza kutoka kushoto ni Hz 98. Ibonyeze huku spika ikivuma. Mvumo ukilingana na hiyo G, fungua boksi uangalie pawa saplai. Ukiwa oktavu moja chini yake, usiguse regyuleta. Sogeza transfoma, au chunguza jinsi vyombo vilivyounganishwa. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyenisaidia kwa hilo usiku ule. Alisikiliza mara moja tu akasema, "Hiyo ni sol, fundi, na imeshuka kidogo sana." Sol yake ndiyo hiyo G. Haikuwa imeshuka, ilikuwa Hz 100 na kinanda kiko 98, lakini sikubishana naye.

Transfoma na regyuleta

Hii ndiyo njia ya zamani na bado ndiyo ninayoipenda kwa priampu. Haina kitu kinachokatakata umeme kwa kasi, inatengenezeka kwa vipuri vya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, na ikiharibika unaona kwa macho kilichoungua. Udhaifu wake ni mmoja mkubwa: transfoma haina akili. Umeme ukishuka ukutani kwa asilimia 20, nayo inashusha kwa asilimia 20.

Chukua kiboksi changu. Transfoma ya 15-0-15 hutoa volti 15 kila upande pale ukutani kunapokuwa na 230. Kukiwa na 184, inatoa 12. Kilele cha volti 12 za AC ni 17. Dayodi inakula 1. Kapasita ya mikrofaradi 2200 inayolisha miliampia 100 hushuka karibu nusu volti kati ya mjazo mmoja na mwingine, na kupanda huko na kushuka ndiko ninakoita viwimbi. Bonde la viwimbi linakuwa volti 15.5. Sasa 7815 inahitaji takriban volti 2 zaidi ya zile inazotoa, yaani 17, na hazipo. Regyuleta inaacha kuregyuleti. Inabaki mlango ulio wazi, na kila kiwimbi kinapita kama kilivyo.

Opampu nayo huzuia viwimbi, na NE5532 huzuia vizuri sana. Lakini priampu ya maiki hukuza mara 1000, kwa hiyo hata kile kidogo kinachopenya nacho kinakuzwa mara 1000. Ndiyo ile sol.

Nilipofika nyumbani nilikaa na kikokotoo nikaandika jedwali hili, ambalo mpaka leo limebandikwa ukutani juu ya meza yangu. Ni volti za bonde la viwimbi kabla ya regyuleta, kwa mzigo wa miliampia 100 na kapasita ya 2200 kila upande:

| Volti ukutani | Transfoma 15-0-15 | Transfoma 18-0-18 |
|---|---|---|
| 250 | 21.6 | 26.2 |
| 230 | 19.8 | 24.0 |
| 200 | 17.0 | 20.7 |
| 180 | 15.2 | 18.5 |
| 160 | 13.3 | 16.3 |

Regyuleta ya volti 15 inataka 17, ya volti 12 inataka 14. Soma jedwali kwa macho hayo. Transfoma ya 15-0-15 na regyuleta za volti 15, mchanganyiko unaouona kwenye michoro mingi, unafia kwenye volti 200. Ni mchoro wa mtu ambaye umeme wake haujawahi kushuka. Badilisha regyuleta tu ziwe za volti 12, na kiboksi kilekile kinavumilia mpaka karibu 168. Au acha regyuleta za 15 na uweke transfoma ya 18-0-18, utafika hapohapo. Ukiweka 18-0-18 na regyuleta za 12, unashuka mpaka kama 140, umeme ambao hata feni inazunguka kwa kusitasita.

Nilichagua la kwanza. Nilichomoa 7815 na 7915, nikaweka 7812 na 7912, miguu ni ileile. Dakika ishirini. Kilichopotea ni nafasi ya sauti kubwa kabla haijakwaruza, desibeli 2 hivi, na kwaya ya kijijini au ya mjini haitaziona. Mvumo ulikatika palepale, volti za ukutani zikiwa bado 184.

Kuna watakaosema, "Basi weka transfoma kubwa kabisa." Upande wa pili wa jedwali upo pia. Usiku wa manane, mtaa ukilala, umeme unapanda. Kwenye 250 ukutani, 18-0-18 inaipa regyuleta ya volti 15 mzigo wa zaidi ya volti 11 za kuchoma bure; kwa miliampia 100 ni wati 1.1. Regyuleta ya umbo la TO-220 isiyo na hitsinki (kipande cha chuma cha kuipoza) hupanda nyuzi 50 hadi 65 kwa kila wati. Ongeza joto la Dar es Salaam, ongeza boksi lililofungwa, na utaelewa kwa nini hata kipande kidogo cha alumini ni lazima. Kapasita nazo: transfoma ndogo isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilivyoandikwa, kwa hiyo kwenye 250 unaweza kuzikuta volti 30 na ushee. Kapasita ya volti 35 inakuwa pembeni mwa shimo. Nunua ya 50.

Hitsinki inanikumbusha kosa jingine ambalo kila fundi hulifanya mara moja. Bati la mgongo wa 7812 limeunganishwa na sifuri ya saketi. Bati la mgongo wa 7912 limeunganishwa na mguu wa kuingilia, yaani volti za hasi ambazo hazijaregyuletiwa. Zibane zote mbili kwenye kipande kimoja cha alumini bila karatasi ya maika katikati, na umepiga shoti. Miguu nayo haifanani: 7812 ni kuingia, sifuri, kutoka, 7912 ni sifuri, kuingia, kutoka. LM317 na LM337 zina mpangilio wao mwingine tena: migongo yao ni kutoka kwa ya kwanza na kuingia kwa ya pili. Chora kwenye karatasi kabla hujashika kichomeo.

7812 au LM317? LM317, kazi ya Bob Dobkin pale kampuni ya National Semiconductor, iko sokoni tangu miaka ya 1970, na pacha wake wa hasi, LM337, ni wa Bob Pease. Unaipangia volti kwa rezista mbili. Sifa yake kwa watu wa sauti ni kapasita ndogo ya mikrofaradi 10 kwenye mguu wa kurekebishia: uzuiaji wa viwimbi unatoka desibeli 65 hadi 80. Bila kapasita hiyo, kwa kelele zake zenyewe, LM317 si bora kuliko 7815. Karatasi ya data inaipa asilimia 0.003 ya volti inazotoa, yaani mikrovolti 450 kwenye volti 15, huku 7815 ikiandikiwa 90. Kwa hiyo mtu anayekuambia "317 ni kimya" muulize kama ameweka kile kikapasita.

Kuhusu transfoma yenyewe: ya duara kama kitumbua chenye tundu inamwaga sumaku kidogo, nyembamba, inafaa kukaa boksi moja na priampu. Ya mabamba ya E na I inamwaga zaidi, lakini ni rahisi kuipata na haisumbuki sana na umeme mchafu. Ya duara huunguruma yenyewe, kwa mwili wake, umeme wa ukutani ukiwa umeegemea upande mmoja. Ukiwa na ya E na I, iweke kona ya mbali kabisa na opampu, kisha izungushe taratibu huku ukisikiliza kabla hujaikaza skrubu. Kuna pembe ambayo mvumo unapotea. Nimewahi kuifunga transfoma ikiwa imekaa kimshazari kama kiti kilichosukumwa, mteja akadhani nimelewa.

Na sifuri: waya wa katikati wa transfoma uende kwanza kwenye makutano ya kapasita mbili kubwa, na kutoka hapo ndipo waya mmoja uende kwenye sifuri ya saketi ya sauti. Ukichukua sifuri ya maiki kati ya transfoma na kapasita, umeiweka sauti kwenye barabara ya mikupuo ya kuchaji, na hakuna regyuleta duniani itakayokuokoa.

Stabilaiza za rilei watu wanazonunulia friji zinasaidia kwa volti, ni kweli. Lakini kila rilei inaporuka, tak, unaisikia kwenye spika. Katikati ya sala.

Adapta na pawa saplai za swichi

Hizi hukatakata umeme kwa kasi badala ya kutegemea transfoma nzito, na kwa swali la saa mbili usiku zinashinda bila mjadala. Ile iliyoandikwa 100–240V haijali kama ukutani kuna 184 au 250. Kinachotoka kwenye waya ni kilekile. Ni nyepesi, bei ndogo, ipo kila duka. Inveta ya sola isiyotoa wimbi safi, ambayo kilele chake mara nyingi hakifiki zile volti 325 za umeme wa kawaida na ambayo huifanya transfoma ipate joto na kuunguruma, kwa adapta si tatizo kubwa.

Shida zake ni mbili, na moja tu ndiyo watu huizungumzia.

Inayozungumziwa ni kelele za swichi: makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, mara nyingi Hz 65,000 na kuendelea, na viwimbi vya milivolti 50 hadi 150 au zaidi. Sikio halisikii Hz 65,000, lakini regyuleta za kawaida nazo haziyazuii masafa hayo vizuri. Uzuiaji wao unaporomoka kadiri masafa yanavyopanda. Dawa ni koili na kapasita kabla ya regyuleta. Koili ya mikrohenri 100 kwenye Hz 65,000 ina kizuizi cha omu 41 hivi. Kapasita ya mikrofaradi 470 kwenye karatasi ingeshusha viwimbi mara maelfu, ila kila kapasita ya elektroliti ina ukinzani wake wa ndani. Ukiwa omu 0.1, unapata mara 400 tu. Milivolti 100 zinabaki milivolti robo. Inatosha. Lakini kapasita kuukuu iliyochomolewa kwenye redio mbovu inaweza kuwa na omu nzima ndani yake, na hapo chujio lako linapitisha mara kumi zaidi. Hapa ndipo kubana matumizi kunakokuumbua.

Isiyozungumziwa sana ni ule mwasho wa vidole. Gusa boksi la bati linalolishwa na adapta ya miguu miwili, utasikia kitu kama chungu wanatembea. Ndani ya adapta kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa volti ndogo, ili kuzima kelele za redio. Kapasita ya nanofaradi 2.2 hupitisha mpaka miliampia 0.16. Haikuui. Ila mkondo huo lazima urudi mahali, na njia yake ni ganda la waya wako wa sauti kwenda kwenye chombo kingine chenye arthi. Ganda zima lenye omu 0.1 linazalisha mikrovolti 16: hutasikia. Waya uliochakaa, plagi yenye kutu, omu 1: mikrovolti 160 juu ya mstari wa sauti wa volti 0.3, ni desibeli 65 chini ya muziki, na katika chumba kimya unaisikia. Ndiyo maana adapta ileile inavuma kwa jirani na kwako iko safi. Pawa saplai ya boksi yenye skrubu ya arthi, ikifungwa arthi ya kweli, haina tatizo hili. Arthi ya kweli nasema, si ule mguu wa tatu ambao nyuma ya ukuta haujaunganishwa na chochote.

Jambo la mwisho kwa adapta: inatoa volti za upande mmoja tu. Priampu yenye chanya na hasi itabidi uitengenezee volti ya kati kwa rezista mbili, na volti hiyo ya kati inaingia moja kwa moja kwenye njia ya sauti. Opampu haiwezi kuikinga. Kapasita ya mikrofaradi 100 kwenye makutano ya rezista si hiari.

Betri

Hapa hakuna mvumo, kwa sababu hakuna wimbi. Betri mbili za volti 12 za asidi, mfululizo, katikati yake ndiyo sifuri: una chanya 12 na hasi 12, safi kuliko regyuleta yoyote utakayonunua dukani. Zile ndogo za ampia-saa 7 zinailisha priampu ya miliampia 100 kwa saa 35 ukizitumia nusu tu, na nusu ndiyo ya kutumia kama unataka zidumu. Kwa kurekodi sauti kijijini, kwa mahubiri ya uwanjani, kwa maulidi yasiyo na uhakika wa umeme, sioni cha kushindana nazo.

Masharti ni machache. Usichaji huku unarekodi: chaja ikiingia, ukuta nao umeingia, pamoja na kelele zake. Kwenye mfumo wa sola, kontrola ya bei nafuu hukatakata mkondo wa paneli kwa masafa ambayo sikio linayasikia, hivyo mvumo unakuja na jua na kuondoka na jua. Nimeshaitwa kutibu "pepo la mchana" ambalo lilikuwa ni hilo. Usitumie kijisaketi cha kupandisha volti 12 kuwa 30, maana ni swichi tena na umerudi kwenye adapta. Na weka fyuzi ya ampia 1 kwenye kila betri, karibu kabisa na ncha. Transfoma ndogo ikipigwa shoti inapata joto. Betri ikipigwa shoti inayeyusha waya kabla hujajua unanuka nini.

Betri pia ndicho kipimo changu. Chombo kinavuma na sijui ni nini? Nakilisha kwa betri. Mvumo ukibaki, pawa saplai haina hatia.

Sasa hizo mikrovolti

Leo kuna regyuleta kama LT3045, mikrovolti 0.8 za kelele. Ni kazi nzuri ya kihandisi. Je, uagize kutoka nje kwa ajili ya priampu yako?

NE5532 inazuia kelele za pawa saplai kwa kawaida desibeli 100, yaani mara 100,000. Mikrovolti 90 za 7815 zinafika kwenye sauti zikiwa kama nanovolti 1. Kelele za NE5532 yenyewe, ndani ya masafa tunayosikia, ni nanovolti 700. Hata uzuiaji ukishuka hadi desibeli 60 kwenye masafa ya juu, kelele za regyuleta bado ni nanovolti 90, na opampu inazifunika. Huwezi kusikia tofauti, na anayekuambia anaisikia mfunike macho kwanza.

Kuna mahali zinafaa kweli: saa ya kifaa cha kugeuza dijitali kuwa sauti, volti yake ya rejea, na saketi za transista mojamoja zisizo na kinga. Volti 48 za maiki za kondensa pia zinahitaji usafi, kwa kuwa zinapanda waya uleule wa maiki kupitia rezista za kilo-omu 6.8, ila hapo rezista moja na kapasita moja kubwa vinafanya kazi yote.

Amplifaya kubwa

Nitapita haraka. Kwa bodi za TPA3116 (chipu ya amplifaya) na ndugu zake, nunua pawa saplai ya swichi ya volti 24 na usijisumbue. Bodi yenyewe ni swichi. Chagua yenye ampia za ziada, kwa sababu ikizidiwa na besi hujikata na kuwaka tena, muziki unapigwa kwikwi. Ukiona hivyo usikimbilie kuijazia makapasita makubwa mbele, nyingine hukataa kabisa kuwaka. Kwa amplifaya za zamani za transista, transfoma, briji na makapasita bila regyuleta yoyote bado ndiyo njia. Transfoma huvumilia kuzidiwa kwa sekunde mbili tatu bila kulalamika.

Ningechagua hivi

Priampu au mixa inayokaa mahali pamoja mjini: transfoma ya 15-0-15 yenye regyuleta za 12, au ya 18-0-18 kama usiku umeme wenu unashuka chini ya 170. Pima wiki nzima kabla hujanunua, saa mbili usiku na saa tisa usiku, uandike. Kifaa kidogo cha kubeba chenye opampu moja: adapta nzuri, koili, kapasita mpya. Kurekodi: betri, kila mara. Nyumba ya sola yenye inveta ya wimbi la kukatwakatwa: ruka inveta, chota moja kwa moja kwenye betri.

Nami sikabidhi tena boksi lililopimwa mchana peke yake. Sina mashine ya kurekebisha volti za ukutani, bei yake sijaiweza. Nina transfoma mbili za volti 24, kubwa kiasi, ambazo upande wao mdogo nimeufunga mfululizo na mzigo, lakini kinyume, hivyo zinapunguza badala ya kuongeza: 230 kutoa 48, nabaki na 182. Zimo ndani ya sanduku la mbao lenye kifuniko na fyuzi, kwa sababu katika ufungaji huo hata upande wa volti 24 unabeba umeme wa ukutani na unaua kama ukuta wenyewe. Boksi jipya linakaa humo saa nzima, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na kinanda cha mtoto wangu pembeni, kidole kikiwa juu ya G.